Mpaka Mwenye Neno Akubali

Neno "kuelewa" lilifukuzwa kazi Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa mikutano pale Iringo, Musoma mjini, na Ghati Nyamhanga alikuwepo akiona kwa macho yake. Aliyelifukuza ni dada mmoja mpole aitwaye Lilian, mtaalamu wa mitaala aliyealikwa kutoka Dar es Salaam. Aliliandika ubaoni, akalitazama kwa huruma kidogo, kisha akalipiga mstari mwekundu. Likafuata "kufahamu", likafuata "kuthamini", likafuata "kutambua umuhimu". Mpaka chai na maandazi vinaletwa, ubao ulikuwa mwekundu kotekote na wahadhiri kumi na wanane wamenyamaza kama watoto waliovunja mtungi.

"Hakuna mtu aliyewahi kumwona mwenzake akielewa," Lilian aliwaambia. "Mnamwona akieleza, akichora, akilinganisha, akitengeneza. Kama hamwezi kumwona akilifanya jambo, wala kusema amelifanya kwa kiasi gani, msiliandike kuwa ni matokeo ya kujifunza."

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalikuwa kweli. Ghati alitafuta pa kuyashika ayabishie, akakosa, akabaki anatafuna andazi lake kwa hasira. Yeye ndiye alikuwa mratibu wa masomo ya jumla katika Chuo Kikuu cha Ziwa na Nyika, chuo kidogo kilichoko njia ya kwenda Butiama. Masomo ya jumla ni yale ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima ayasome, awe amekuja kusomea kilimo, uvuvi, ualimu au kompyuta, na ambayo kila mwanafunzi huyalalamikia. Yalikuwa manne. Matatu kati yake hayakuwa na shida. La nne lilikuwa mtoto wake wa kumzaa: JM 104, Kusikiliza.

Aliianzisha kozi hiyo miaka tisa nyuma, baada ya kuchoka kusoma ripoti za vijana waliotoka mafunzoni vijijini wakiandika kwamba wananchi hawana mwamko. Hawana mwamko! Mtu amelima muhogo miaka arobaini, anakuja kijana wa miaka ishirini na mbili anaongea saa nzima bila kumuuliza hata jina, halafu anaandika kwamba mwananchi hana mwamko. Ndipo Ghati akasema hapana, hawa tutawafundisha kunyamaza kwanza. Kila wiki wanafunzi wa JM 104 walikwenda kukaa na watu, mialoni wanakoshusha samaki, mashambani, mnadani, wakarudi kusimulia walichoambiwa. Na lengo la kozi, kama alivyoliandika kwa mkono wake mwenyewe, lilikuwa hivi: "Mwanafunzi ataelewa umuhimu wa kusikiliza." Dhambi mbili katika sentensi moja.

Jopo la wakaguzi wa ithibati lilikuwa linakuja baada ya wiki tano. Mkuu wa kitivo, Dokta Boniphace, hakumzungusha. Alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, akamwambia kozi isiyo na matokeo yanayopimika itafutwa, na hiyo haikuwa na mjadala.

"Madam, mimi naipenda kozi yako," alisema. "Lakini jopo halipimi mapenzi."

Basi Ghati akafanya walichofanya wenzake. Alikaa siku mbili na Revocatus, mhadhiri msaidizi mwenye mkono mwepesi wa majedwali, wakatunga matokeo manne yaliyonyooka. Mwanafunzi ataorodhesha sifa tano za msikilizaji mzuri. Mwanafunzi ataeleza vikwazo vinne vya usikivu. Na kadhalika, huku kila moja likiwa na kiasi chake na njia yake ya kupimwa, kwa mahudhurio na kwa ripoti za vikundi. Revocatus akaingiza alama za semista iliyokuwa ukingoni, akabofya mahali, jedwali likajipaka rangi ya kijani. Asilimia tisini na nne ya wanafunzi walikuwa wamefikia matokeo. Boniphace alimpa mkono mara mbili. Ghati alifurahi pia, tusimsingizie, ila furaha yenyewe ilikaa juu juu kama mafuta kwenye mchuzi. Alijua mtu anaweza kuziorodhesha hizo sifa tano huku anakukata kauli.

Jumamosi alikwenda kwao Butiama kumwona baba yake. Mzee Nyamhanga alikuwa na ng'ombe wachache na maneno machache, na yote mawili alikuwa anayatunza vizuri. Kwao Ghati, ng'ombe hawahesabiwi. Ukimnyooshea ng'ombe kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, unakaribisha balaa. Jioni mzee husimama tu penye lango la zizi, wanapita mbele yake, basi. Lakini Bernado, kaka yake Ghati, ndiye aliyekuwa mchungaji sasa, na Bernado alikuwa amehudhuria semina ya ufugaji wa kisasa. Alikuwa anahesabu. Hakunyoosha kidole, kumbe yeye mjanja. Alihesabu kwa kubofya simu.

Jioni hiyo akabofya, akatangaza kwamba wametimia, ishirini na watatu. Mzee akasema hawajatimia. Bernado akarudia kuhesabu, akapata walewale ishirini na watatu, akamwonyesha Ghati simu apate shahidi. Mzee hakubishana naye. Aliingia zizini na fimbo yake, akawapita taratibu, akasimama mbele ya mtamba mmoja mwekundu mwenye paji jeupe, akamwangalia usoni.

"Huyu ni mgeni," alisema. "Na Mahari hayupo."

Mahari alikuwa mtamba aliyeletwa pamoja na mahari ya mdogo wao Judith, naye pia alikuwa mwekundu mwenye paji jeupe. Walimkuta zizi la jirani, anakula majani ya watu bila haya yoyote. Walikuwa wamebadilishana na wa jirani huko malishoni, mmoja akaenda, mmoja akaja, na hesabu ikabaki palepale. Ghati alicheka mpaka akashika mbavu. Bernado hakucheka. Alijitetea kwamba namba ilikuwa sahihi, na kweli ilikuwa sahihi.

"Wewe umehesabu miguu ukagawanya kwa nne," mzee alimwambia. "Mimi nilikuwa naangalia nyuso."

Kicheko kilimwisha Ghati akiwa njiani kurudi Musoma. Alipofika nyumbani kwake Iringo hakuvua hata viatu. Aliifungua laptop, akalifungua jedwali la kijani, na kwa mara ya kwanza akaacha kuangalia chini kwenye jumla, akaanza kusoma majina, moja moja, akijilazimisha kuiona sura ya kila mtu. Walikuwa wengi, lakini miaka tisa imemfundisha. Huyu wa miwani. Huyu anayebishana. Huyu aliyelia mwaloni. Akafika kundi la saba: Jofrey Baltazar, wa Kibara, amefikia matokeo yote manne, alama themanini na moja. Sura ikaja: kijana mrefu aliyependa kukaa karibu na mlango, ambaye alikuwa anacheka kabla kichekesho hakijaisha. Ghati alikaa akijaribu kukumbuka mara ya mwisho kukisikia kile kicheko. Hakuweza.

Jumatatu alimwita kiongozi wa kundi la saba, binti aitwaye Dorkas, na Dorkas hakuhitaji kubanwa. Jofrey alikuwa ameondoka wiki ya tano. Mama yake alipata kiharusi, baba alishafariki, na yeye ni mtoto wa pekee, kwa hiyo alifunga begi akaondoka bila kuaga ofisi yoyote. Wenzake wakakaa kikao. Wakaamua hawamwachi. Wakawa wanamsainia mahudhurio kwa zamu, na kwenye ripoti za kundi wakawa wanaandika jina lake, tena walimpa sehemu ya hitimisho kwa sababu ndiyo fupi, wasimlemee.

"Tuliona tusimpoteze mwenzetu, madam," Dorkas alisema, machozi yakimlengalenga. "Tulifikiri tunamsaidia."

Ghati alitaka kugomba, akashindwa. Ukiwafundisha watoto wiki kumi na tano kwamba mtu ni watu, halafu wakayafanyia kazi, utawagombezaje? Wao walifanya kosa la wema. Yeye ndiye aliyetengeneza kipimo ambacho mtu angeweza kukifaulu akiwa hayupo. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya ushindwe kula mchana. Siku hiyo hiyo alimwambia Revocatus aziondoe alama za Jofrey. Alhamisi akapanda basi la Bunda, na pale Bunda akabadilisha gari la Kibara, akiwa hajui anakwenda kusema nini.

Nyumba haikumpa shida; aliuliza kwa marehemu Baltazar akaelekezwa na watu watatu kwa pamoja. Ilikuwa upande wa ziwani, uani kumetandazwa nyavu zenye dagaa. Jofrey alikuwa jikoni anakoroga uji. Alipomwona mwalimu wake, mwiko ulimponyoka. Akamwamkia shikamoo mara mbili, akakimbilia kutafuta kiti, na Ghati akamwambia amalize kwanza kazi yake, wagonjwa hawangojeshwi.

Mama yake, Penina, alikuwa amekalishwa kwenye mkeka, mgongo ukiegemea ukuta. Umri wake na Ghati haukuachana sana. Upande wa kulia ulikuwa hausogei na maneno yalikuwa hayatoki, ila macho yalikuwa makali kama ya mtu anayekutazama ukipima sukari yake dukani. Ghati akampa pole, akaketi naye mkekani. Jofrey akaleta uji. Mama alionja kijiko kimoja akafunga mdomo.

Jofrey alimtazama. Akasema kwamba mama anasema uji hauna sukari. Mkono wa kushoto wa mama ukapiga mkeka: pa. Akasema, basi mama anasema umekuwa mzito. Pa. Jofrey akamwangalia tena bila haraka, akafuata macho yake mpaka kwa mgeni, akacheka kile kicheko chake.

"Mama anasema kwanza apewe mgeni," alisema.

Mkono wa kushoto ukaacha mkeka, ukamshika kijana kwenye kifundo cha mkono, ukamkaza. Ndivyo walivyokuwa wanaishi miezi miwili na nusu. Kijana akikosea, mkeka unapigwa. Akipatia, anakazwa mkono. Jirani mmoja aitwaye Sara, mwanamke wa makamo aliyekuwa anageuza dagaa uani, alimwambia Ghati kwamba mwanzoni mkeka ulikuwa unapigwa kutwa nzima, mpaka majirani wanadhani kuna watu wanatwanga. Siku hizi, akasema, unapigwa mara moja moja tu. Ghati alikunywa uji wake. Alikuwa anakiona kile alichokitafuta miaka tisa bila kujua namna ya kukiandika. Kilikuwa pale mbele yake, kinaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio, na kilikuwa kinahesabika.

Wakati wa kuondoka, Jofrey alimsindikiza mpaka mafiga ya nje, mbali na mlango. Ghati akamuuliza kuhusu chuo. Kijana akainamisha kichwa.

"Sirudi, madam. Mimi ningependa, ila mama ndiye hataki. Anasemaga nibaki naye."

Ghati alimwelewa, au alidhani hivyo. Akamwahidi kumtafutia ruhusa ya kuuguza ili asiandikwe kuwa ameacha chuo. Ndani ya gari, kabla ya kufika Bunda, aliomba kalamu kwa abiria wa pembeni akaandika nyuma ya tiketi: "Mwanafunzi ataeleza neno la mtu mwingine, katika jambo zito, mpaka mwenye neno akubali kwamba ndilo. Mpimaji atahesabu majaribio."

Boniphace alipoisoma sentensi hiyo alivua miwani. Alikubali kumpa Jofrey ruhusa, kwa ruhusa ile hakuwa na neno, mtu ana mama mmoja. Lakini kulifuta jedwali la kijani wiki mbili kabla ya jopo, lililokwisha kamilika, kwa ajili ya kitu kilichoandikwa nyuma ya tiketi ya gari! Alimuuliza kama anajua anachezea nini. Ghati alijibu kwamba anajua: jedwali lile lilimfaulisha mtu ambaye hakuwepo, na akilipeleka hivyo hivyo atakuwa anasema uongo kwa rangi. Boniphace akapumua kwa pua. Mwisho akamwambia ajibebee mwenyewe mzigo wake mbele ya jopo, yeye hatakuwa na la kumtetea.

Jopo lilikuja Jumatano, wanafunzi wakiwa wameshafunga chuo. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Mwandu, mzee mfupi mwenye sauti ndogo, ambaye watu walikuwa wanamwogopa kwa sababu hakuwa anapandisha sauti. Kozi tatu za kwanza zilipita kama maji. Ilipofika JM 104, Ghati akasimama akaeleza yote, hakuficha kitu: matokeo ya kwanza, namba zilivyopendeza, mtu aliyekosekana, na matokeo mapya. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaongea dakika mbili hivi, akiuliza na kuonya, halafu akaegemea kiti.

"Sasa nieleze nilichosema," akamwambia. "Mimi ndiye mwenye neno."

Ghati hakukitegemea hicho. Akasema Profesa ana wasiwasi kwamba kipimo hiki si cha kitaaluma na kwamba kozi haistahili kuwa ya chuo kikuu.

"Sivyo," alisema Profesa Mwandu.

Watu wakacheka, wengine kwa huruma, na Revocatus akajitia kuokota kitu chini ya meza. Profesa hakucheka. Alisema alichouliza ni kama kipimo hicho kimeshawahi kutumika kwa mtu hata mmoja, na kwamba angependa kukiona kimefanya kazi. Tena alilisema kwa upole tangu mwanzo. Akampa wiki mbili: alete fomu moja, ya mwanafunzi mmoja halisi, iliyojazwa kwa njia hiyo na kuthibitishwa na mwenye neno. Ikikosekana, kozi ifutwe.

Usiku ule Ghati hakumlaumu mtu. Alirudia kichwani maneno ya Profesa na akayakuta yalikuwa mepesi kabisa. Yeye alikuwa amesikia hofu yake mwenyewe, akaipachika kwenye kinywa cha mwingine. Ilimuuma kwamba mwalimu wa kusikiliza alifeli mtihani wake mwenyewe mbele ya jopo zima.

Wanafunzi walikuwa wametawanyika likizo, lakini hilo halikumsumbua. Alijua wa kumpima. Jofrey alikuwa na ruhusa rasmi, alikuwa bado mwanafunzi, na kazi ile alikuwa anaifanya kila siku kuliko mtu yeyote aliyemjua. Kwa Jofrey alikuwa na uhakika. Akachapa fomu, ukurasa mmoja tu, akarudi Kibara.

Safari hii aliketi mkekani akamweleza mama kwanza, kwa sababu yeye ndiye atakayetahini. Akamweleza kwamba kijana atasema neno lake, neno zito, si la uji wala la shuka, na kwamba yeye mama atakubali au kukataa kama kawaida yake, bila kumwonea huruma. Penina alimtazama kitambo, kisha akakaza mkono wa Ghati. Mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko ulivyoonekana. Sara aliacha dagaa akaja kusimama mlangoni.

Ghati akamwambia Jofrey achague jambo. Kijana hakufikiri hata kidogo. Alisema atasema neno la mama kuhusu yeye na chuo, maana hilo analijua vizuri. Akakaa mkao wa heshima.

"Mama anasema nibaki naye hapa nyumbani."

Pa.

Jofrey alishtuka kama aliyepigwa yeye. Akatabasamu kwa Ghati, tabasamu la kuomba radhi, akasema labda hakusema vizuri. Akajaribu tena.

"Mama anasema nirudi chuo, ila baadaye. Akipona."

Pa. Na tena, pa, bila mtu kusema kitu. Macho ya mama hayakuwa makali sasa, yalikuwa yamejaa maji, lakini hayakumwachia kijana. Mlangoni Sara akafungua mdomo kusema jambo. Ghati akainua kiganja kumzuia. Kumzuia kulimuuma, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameshaliona neno lenyewe, alitamani kulisema, na hakuruhusiwa. Hatima ya kozi yake ilikuwa mle ndani ya kile chumba, na wala hakuifikiria. Alikuwa anamwomba Mungu kijana asikie.

Jofrey aliacha kutabasamu. Alimwangalia mama yake kama siku ile ya uji, bila haraka, akafuata macho yake. Yalikwenda kwa Sara pale mlangoni. Yakarudi kwake. Yakaenda kwenye begi lake la chuo lililotundikwa ukutani tangu mwezi wa nne. Mabega ya kijana yakaanza kutikisika.

"Anasema niende," alisema. "Anasema Sara atamwangalia, walishakubaliana. Anasema ameshaniambiaga hivyo siku nyingi, na mimi ndiye nimekuwa nikisema vingine." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Nilikuwa nasikia, madam. Nilikuwa nasikia kabisa. Naogopa nikiondoka atakufa mimi sipo."

Mkono wa kushoto uliacha mkeka. Ulimshika kifundo cha mkono ukamkaza, na haukuachia upesi.

Sara akasema pale mlangoni kwamba yeye alishamweleza kijana tangu mwezi wa tano, akajibiwa kwamba mama hataki. Ghati alitoa fomu akaijaza palepale, juu ya goti. Jambo: kurudi chuo. Jaribio la kwanza: hapana. La pili: hapana. La tatu: ndiyo. Penye nafasi ya uthibitisho wa mwenye neno hapakuwa na wino wa kuchovya, kwa hiyo Sara alikwenda jikoni akarudi na sufuria ya uji, wakapitisha kidole gumba cha kushoto cha Penina kwenye masizi ya chini, wakakikandamiza kwenye karatasi. Kilitoka vizuri, mistari yote inaonekana.

Fomu ilifika mezani kwa Profesa Mwandu kabla wiki mbili hazijaisha, na JM 104 ikabaki. Hayo ya kiofisi yana barua zake na mihuri yake, sitawachosha nayo. Mnalopaswa kulijua ni dogo, nalo lilitokea kabla hawajainuka pale mkekani. Jofrey aliichukua ile karatasi akaisoma, akaona hapana, hapana, ndiyo, akawa hajui aione vipi. Akainua uso akamuuliza mwalimu wake kama hiyo nayo ni kufaulu.

Ghati akafungua mdomo amjibu. Mama akamtangulia, akamkaza kijana mkono.